Walezi wa Kigoma: kichanga anyonye mara ngapi kwa siku, na utajuaje kashiba?

#1 BabaK_Gungu

Wakuu, habari za usiku. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umempakata, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Niko Gungu, Kigoma mjini. Tumepata mtoto wetu wa kwanza, wa kike, ana wiki tano sasa. Alizaliwa na kilo 3.1, mama yake mzima, tunashukuru. Shida ni kwamba hashibi. Au ndivyo tunavyoona sisi.

Mchana hana neno, ananyonya kila baada ya saa mbili hivi kisha analala. Jua likizama ndiyo balaa. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku ni titi tu: ananyonya kidogo, anasinzia, ukimlaza anaamka na kilio, anarudishwa, anahamia titi la pili, analia tena. Mke wangu anasema jioni maziwa yake yanakuwa laini, hayajai kama asubuhi, na ameanza kuamini yamekwisha.

Ushauri tuliopata mpaka sasa:

Programu niliyopakua kwenye simu inasema kila baada ya saa tatu, dakika 20, mililita 90. Sasa titi linapimwaje mililita?

Mama mkwe, ambaye kashuka kutoka Kasulu kutusaidia ulezi (Mungu ambariki, bila yeye tungekuwa hatuli), anasema maziwa ya binti yake ni mepesi, tumkorogee mtoto uji mwembamba au angalau maji ya vuguvugu.

Jirani anasema ni mchango wa tumbo. Kaleta mizizi, iko kwenye kikombe juu ya kabati.

Hatujampa kitu chochote zaidi ya titi. Ila usiku wa jana mama mkwe aliniangalia kwa jicho fulani. Wenye uzoefu: mara ngapi kwa siku? Kiasi gani? Naomba wanaojua, wa kukisia tunao wa kutosha humu ndani.

#2 mvuvi_mtarajiwa

Natandika mkeka hapa. Wa kwangu anategemewa mwezi ujao.

#3 Bi_Ujiji

Mwanangu hongera. Mimi ni mtu mzima, nimelea wa kwangu na wajukuu, wote hapa hapa Ujiji.

Hiyo programu yako itupe. Sisi hatukuwa na saa ya mtoto. Mzazi alikaa ndani arobaini yake, analetewa supu ya migebuka na uji wa pilipili manga, kazi yake moja tu, mtoto akigeuza kichwa anapewa ziwa. Usiku wanalala pamoja, wala huamki kuwasha taa ukaanza kutazama dakika. Nani alikwambia mtoto anakula kwa ratiba kama wanafunzi wa bweni?

Maji ya vuguvugu tulikuwa tunawapa, sitasema uongo. Siku hizi kliniki wanakataza, wajukuu hawakupewa na wamekua. Uji wa wiki tano hapana, hata enzi zetu mwenye akili hakufanya hivyo.

#4 NesiWaZamu

Shikamoo Bi Ujiji. Kuhusu saa umemaliza, nami nashika hapo hapo.

BabaK, kwanza nijibu swali la mara ngapi. Kichanga anayenyonya tu ananyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, na wiki za mwanzo akizidi hapo si ugonjwa. Hizo mara hazijapangwa kwa vipimo sawa. Anaweza kunyonya mara tano ndani ya saa nne za jioni, halafu akalala saa tatu au nne mfululizo. Unachokieleza wewe, kilio na titi la mfululizo jioni, ndicho tunachokiona kwa watoto wengi mno wa wiki mbili mpaka nane. Kuna siku kinazidi, hasa karibu na wiki ya tatu, ya sita na mwezi wa tatu, mtoto anakua kwa kasi na anaagiza maziwa ya kesho. Siku mbili tatu, anatulia.

Kuhusu titi laini. Titi si pipa linalojazwa asubuhi likaisha jioni. Maziwa yanatengenezwa muda wote, na yanatengenezwa haraka zaidi pale titi linapokuwa limenyonywa likalainika. Likikaa limejaa na kubana, mwili unapata taarifa kwamba hakuna mteja, unapunguza uzalishaji. Ndiyo maana chupa ya uji ni mtego: mtoto anashiba uji, hanyonyi, titi linabaki limejaa, kesho maziwa yanapungua kweli, halafu bibi anasema "si niliwaambia?" Na hapo atakuwa sahihi, ila uji wenyewe ndio ulioyapunguza.

Kiasi gani? Siku ya kwanza tumbo la mtoto linapokea kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja, na dang'a, yale maziwa mazito ya njano, yanatoka kwa kiasi hicho hicho. Watu wanaona matone wanasema hakuna maziwa. Yapo, yanamtosha. Kufika mwisho wa wiki ya kwanza anaweza kupokea mililita 45 hadi 60. Kuanzia mwezi mmoja hadi miezi sita watoto wanaonyonya hutumia wastani wa karibu mililita 750 kwa siku, wengine pungufu, wengine zaidi. Hiyo 90 ya programu yako imetoka hapo, wamegawa kwa mara nane. Ni hesabu ya mtu anayemimina kwenye chupa. Kwa titi haina kazi.

Wewe hesabu kinachotoka. Kuanzia kama siku ya tano na kuendelea, mtoto anayepata maziwa ya kutosha analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Choo kina rangi ya njano, laini. Akishafika umri wa binti yako anaweza hata kukaa siku kadhaa bila choo, kikitoka laini usihangaike.

Halafu mizani. Nijibu haya: nepi ngapi kwa siku, na kadi ya kliniki inasema kilo ngapi mara ya mwisho? Ukinijibu hayo tunajua kama kuna tatizo au kuna jioni ndefu tu.

Na hiyo mizizi ya kabatini imwagwe. Figo na ini la mtoto wa wiki tano havijui hata kidogo cha kufanya na hicho kikombe.

#5 Simba_wa_Mwanga

Mnazunguka sana. Mtoto apewe maziwa ya kopo chupa moja ya saa tatu usiku, analala mpaka alfajiri, na ninyi mnalala. Sisi tumefanya hivyo, mtoto bonge la mtu.

#6 NesiWaZamu

Atalala, ni kweli, maziwa ya kopo yanakaa tumboni muda mrefu zaidi. Lakini usiku ndipo homoni inayotengeneza maziwa inapokuwa juu. Ukiondoa mnyonyo wa usiku kwa mama wa wiki tano unapunguza maziwa ya mchana wa kesho. Kwa mama anayetaka kunyonyesha miaka miwili kama inavyoshauriwa, hiyo chupa ina gharama. Anayeamua mwenyewe kutumia kopo ni haki yake, ila ajue anachonunua, na bei yake dukani anaijua.

#7 kijana_wa_Urambo

Huku kwetu Tabora mtoto analambishwa asali siku anazaliwa, ili awe na maneno matamu. Na asali yetu mnaijua, haina mpinzani. Bila shaka haina shida kwa sababu ni ya asili?

#8 NesiWaZamu

Ina shida hata ikiwa safi kabisa. Asali inaweza kubeba vijidudu vilivyolala vinavyosababisha ugonjwa wa botulizimu. Tumbo la mtu mzima linavishinda, la mtoto chini ya mwaka mmoja haliwezi, vinaamka ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ya kupumulia. Kuchemsha hakusaidii, vinavumilia. Asali baada ya mwaka mmoja. Maneno matamu atafundishwa.

#9 Bi_Ujiji

Na maji je, mwanangu, kwa joto hili la Septemba? Wengi wanauliza hilo, nawaulizia.

#10 NesiWaZamu

Bibi, maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Akisikia kiu ananyonya mara nyingi na kwa muda mfupi mfupi, basi. Kabla ya miezi sita hapewi maji.

#11 Dereva_Kasulu_Kgm

Niongeze kwenye maji. Waliokuwepo Kagunga 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa pale ufukweni, wanakumbuka kipindupindu kilivyopita na watu. Mimi nilikuwa nabeba mizigo kipindi kile. Tangu hapo mtu akiniambia mpe mtoto mchanga maji kidogo ya ziwani yaliyochujwa kwa kitambaa, namwangalia tu.

#12 BabaK_Gungu

Nimerudi. Nimewasomea uzi huu wote sebuleni, mama mkwe yumo, Bi Ujiji kamfurahisha kuliko mimi nilivyowahi kumfurahisha.

Nesi, nepi: tunatumia za kitambaa mchana, zinazidi sita, tena zinalowa haswa. Kadi: wiki iliyopita alikuwa na kilo 4.2.

Ila analia hata baada ya kunyonya. Na tunamngoja mpaka alie ndiyo tumpe. Sijui kama hapo tuko sawa.

#13 NesiWaZamu

Kilo 3.1 hadi 4.2 ndani ya wiki nne hivi, na kumbuka siku za mwanzo kila mtoto anapungua kidogo (mpaka asilimia 7 hivi, kumi ikiwa nyingi) kisha anarudi kwenye uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Kinachotarajiwa miezi mitatu ya kwanza ni gramu 20 hadi 30 kwa siku. Binti yako yupo juu huko. Mwambie mama yake kwamba maziwa anayodhani hayapo yameongeza kilo nzima na zaidi.

Kilio ni dalili ya njaa iliyochelewa. Kabla ya kulia mtoto anageuza kichwa huku na huku akitafuta, anafungua mdomo, anatia ngumi mdomoni, anatoa ulimi. Mpe hapo. Akishafika kwenye kilio anakuwa na hasira, hashiki titi vizuri, anameza hewa, analia tena kwa sababu ya hewa, na familia inasema hajashiba. Mara nyingi mnapomwona analia baada ya kunyonya ni hewa, au amechoka, au anataka kubebwa. Mbeulisheni begani kila akimaliza titi moja.

Kushibisha kunategemea pia anavyolishika titi. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani, hasa upande wa chini. Mama akisikia maumivu muda wote, au chuchu ikitoka imebanwa imechongoka, mtoto anatafuna chuchu, hanyonyi. Atoe kwa kuingiza kidole safi pembeni ya mdomo, aanze upya. Hili nimeliona likimaliza "tatizo la maziwa kidogo" mbele ya macho yangu bila dawa yoyote.

Aachwe amalize titi la kwanza mwenyewe ndipo apewe la pili. Maziwa yanayokuja mwishoni yana mafuta zaidi. Ukimhamisha kwa kufuata dakika, anajaza tumbo maziwa ya mwanzo na baada ya muda mfupi ana njaa. Wengine humaliza kwa dakika 10, wengine 40. Dakika 20 za programu ni za huyo aliyeiandika.

Tofauti moja tu ya saa naikubali: mtoto wa siku za mwanzo anayelala mno. Huyo usisubiri aombe, zikipita saa tatu muamshe, mvue nguo, mguse nyayo, mpe titi, mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa. Hasa akiwa na macho ya njano. Mama anafurahi mtoto mpole, kumbe hana nguvu ya kulia.

Asubiriwe nini nyumbani? Hakuna, akiwa na haya mkimbizeni kituoni usiku huo huo: anakataa kunyonya kabisa, ana homa au mwili wa baridi, anapumua kwa shida kifua kikiingia ndani, degedege, nepi kavu kutwa, utosi umebonyea.

#14 mzee_wa_Katonga

Nesi umeeleza vizuri lakini umeruka jambo. Mtoto halali, analia jioni, hashibi. Huyo ameanza kubemendwa, wazazi wamerudiana kitandani mapema na maziwa yameharibika. Baba mtu ajiulize.

#15 BabaK_Gungu

Mzee wangu, wiki tano! Nani ana nguvu hizo?

#16 NesiWaZamu

😂 Mzee wa Katonga, shikamoo. Tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa wala haliyaharibu. Lakini sitacheka imani yenyewe, kwa sababu nadhani wazee waliona kitu cha kweli wakakipa sababu nyingine. Waliona mama akibeba mimba haraka, yule wa kwanza analikizwa mapema, anapewa uji wa maji, anakonda, nywele zinageuka rangi. Kilichomdhoofisha ni chakula kilichokatwa. Dawa yake ni uzazi wa mpango. Na kunyonyesha kwenyewe kunakinga: mama ambaye mtoto hajafika miezi sita, ananyonyesha tu mchana na usiku bila chakula kingine, na hedhi haijarudi, kinga yake ni zaidi ya asilimia 98. Sharti moja likivunjika, aende kliniki achague njia.

Linaloniuma ni kwamba mtoto akikonda familia inatafuta nani kambemenda, mama anaona aibu kuja kliniki, na mwezi unapita bila mtoto kupimwa.

#17 Shangazi_wa_Mapacha

Naomba msaada tofauti. Ninalea watoto wa marehemu mdogo wangu, mapacha, wana miezi miwili. Titi hakuna. Nawapa kopo. Nawapa kwa kukisia na linaisha haraka mno. Mmoja ana kilo 4, mwingine 3.6.

#18 NesiWaZamu

Pole sana dada, Mungu amrehemu.

Kwa maziwa ya kopo sasa ndiyo tunapiga hesabu. Karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 4: 4 x 150 = 600 kwa siku, ukigawa mara 8 ni 75 kila baada ya saa tatu. Wa 3.6: 540 kwa siku, kama 65 hadi 70 kila mara. Akiacha kidogo usimlazimishe, akimaliza na bado anatafuta muongeze. Uzito ukipanda, hesabu inapanda, kwa hiyo mpime kila mwezi.

Pima unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilo hilo, kwa maji yaliyoandikwa kwenye kopo. Najua linaisha haraka na najua bei. Usiongeze maji ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto atajaa tumbo na atadhoofika huku anaonekana anakunywa. Nenda kliniki na ustawi wa jamii mapema uwaeleze hali yako, kuliko kuongeza maji.

Maji yachemke, yapoe kidogo tu, ukoroge yakiwa bado ya moto (nyuzi 70 au zaidi) kwa sababu unga wenyewe si kwamba umeuawa vijidudu vyote, kisha upoze. Yaliyobaki kikombeni baada ya kunywa yamwagwe. Na tumia kikombe kidogo badala ya chupa. Kikombe kinaoshika. Chuchu ya chupa ina kona ambazo brashi haifiki. Mkalishe wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe, usimmiminie.

Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu, baada ya mwaka mmoja.

#19 mama_dagaa_Kibirizi

Mimi nauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Mwanangu ana miezi mitatu na lazima nirudi, boti zikiingia alfajiri hazinisubiri. Nikikamua maziwa yanakaa muda gani? Nyumbani hatuna friji.

#20 NesiWaZamu

Kwa joto letu hesabu saa 4 kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali pa kivuli, chungu cha maji ya baridi kinasaidia. Kwenye friji siku 4. Usiyachemshe, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto yapate uvuguvugu. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, kamua, anayebaki naye ampe kwa kikombe, kama mililita 90 hadi 120 akiomba, ukirudi mnyonyeshe hapo hapo. Usiku atafidia, mruhusu. Kamua pia ukiwa mwaloni hata kama utayamwaga, titi lisikae limejaa kutwa. Au aletwe mwaloni. Nimeona wengi pale wananyonyesha kwenye kivuli cha mitumbwi na biashara inaenda.

#21 mpenda_haki

Kwa walioajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi siku 84 yenye malipo, 100 kama ni zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wengi wanarudi hawajui hizo saa mbili, mwajiri naye hazitaji.

#22 mgeni_jina_limefichwa

Samahani naulizia kwa akaunti nyingine. Mama anayetumia ARV (dawa za VVU) anyonyeshe kweli?

#23 NesiWaZamu

Ndiyo, na usiogope kuuliza. Mama ameze ARV kila siku bila kuruka, mtoto apewe dawa yake ya kinga kama kliniki ilivyoelekeza, na miezi sita ya kwanza titi tu. Kwa mtoto huyu kuchanganya titi na uji au maziwa mengine kabla ya miezi sita kunaongeza hatari, kwa sababu vyakula hivyo vinakwaruza utumbo. Apimwe kwa tarehe mlizopewa. Kwenye kliniki yako utapata muda wa faragha, uombe.

#24 Mama_Mawese_Simbo

Jamani, mnaongelea wachanga tu. Miezi sita ikifika ndipo watoto wetu wanapoharibika, mbona hamsemi? Mtoto mnene wa titi, akianza kula anakonda. Nimeona hapa Simbo, nimeona Mwandiga. Uji wenyewe ukiinamisha kikombe unakimbia kama maji. Mtoto anakunywa kikombe kizima, tumbo limejaa, chakula hakuna humo.

Mimi wangu nilipika hivi. Uji mzito, ukiinua kijiko unabaki kwenye kijiko. Kijiko kidogo cha mawese. Dagaa nimeosha mchanga, nimekausha, nimekaanga bila mafuta wala chumvi, nimetwanga na kuchekecha, kijiko cha unga wake kwenye uji. Mchana ndizi ya kuponda na maharage yaliyotolewa maganda. Nesi anikosoe.

#25 NesiWaZamu

Nikukosoe nini, ningekuajiri.

Hapa ndipo kuhesabu mara na kiasi kunapoanza kuwa na maana, kwa hiyo naweka vizuri, kipimo ni kikombe cha robo lita (250):

Miezi 6 hadi 8: milo 2 au 3 kwa siku. Anaanza na vijiko vya mezani 2 au 3, anapanda taratibu mpaka nusu kikombe.

Miezi 9 hadi 11: milo 3 au 4, nusu kikombe, na kitafunwa mara 1 au 2 katikati, mfano ndizi mbivu, parachichi, embe.

Mwaka 1 hadi 2: milo 3 au 4, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na vitafunwa.

Titi linaendelea muda wote huo, usiku na mchana. Asiyepata titi wala maziwa mengine anahitaji mlo mmoja au miwili ya ziada.

Mawese. Ule wekundu ndio mwili unaoutumia kutengeneza vitamini A, na mafuta yanaongeza nguvu kwenye chakula bila kujaza tumbo. Lakini wale wanaoyaunguza jikoni mpaka yageuke meupe ili yasinuke, mnachoma wekundu wote. Mtie mtoto yakiwa mekundu, uji ukishaiva.

Ugali wa muhogo peke yake na mchuzi haujengi mtoto, muhogo hauna protini ya maana. Uwe na samaki aliyechambuliwa miba, maharage, yai. Na asipewe mchuzi mwembamba, apewe nyama ya samaki yenyewe. Bakuli lake liwe la peke yake. Akila sinia moja na kaka zake hakuna anayejua kala kiasi gani.

Wanaotengeneza kimea (nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa) cha ulezi au mtama mnajua hili: kijiko kimoja cha unga wa kimea kwenye uji mzito wa vuguvugu kinaulegeza bila kuongeza maji. Chemsha tena kidogo kisha mpe. Nilijua kimea kwa pombe kwanza, nakiri.

#26 Simba_wa_Mwanga

Na ule unga wa lishe wa kununua, una karanga, soya, mahindi, mchele, ngano, mtama, dagaa, kila kitu? Si unamaliza kazi?

#27 Mama_Mawese_Simbo

Siununui. Sijui hizo karanga zilikaa wapi. Mvua yetu ya huku ikikutana na gunia la karanga ghalani unasikia harufu.

#28 NesiWaZamu

Hofu yake ina msingi. Mahindi na karanga vikipata unyevu vinaota ukungu wenye sumukuvu, na haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwa watoto kiasi kidogo cha kila siku kinahusishwa na kudumaa. Chagua mwenyewe punje safi, tupa zilizojikunja na zenye rangi, saga kidogo kidogo ya wiki mbili tatu. Nafaka moja na aina moja ya kunde zinatosha. Kuchanganya nafaka nne hakumpi mtoto kitu ambacho moja haimpi, na akipata mzio hutajua ni wa nini.

#29 mvuvi_mtarajiwa

Nimenakili kila kitu. Mke wangu anauliza: ule utepe wa kupima mkono wa mtoto tunaweza kuwa nao nyumbani?

#30 NesiWaZamu

Mnaweza, waulizeni wahudumu wa afya wa mtaani, wengine wanafundisha akina mama kuutumia. Ni wa kuanzia miezi sita, mzingo wa katikati ya mkono wa kushoto. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mwende kliniki wiki hiyo. Usisahau miezi sita hiyo hiyo ana vitamini A yake ya matone, na chanjo ya surua-rubella miezi 9.

#31 mama_wa_Buhigwe

Wangu ana miezi tisa, akiona kijiko anafunga mdomo. Titi tu analitaka. Nimshike pua?

#32 Bi_Ujiji

Usimshike pua mwanangu, atapaliwa. Mpe chakula kabla ya ziwa akiwa na njaa kidogo, mkalishe mnapokula, mwachie ashike kwa mkono wake hata akijipaka usoni. Wewe kula mbele yake. Akikataa toa, rudi baadaye. Na uonje mwenyewe kwanza, chakula kingine kinachokataliwa kina haki ya kukataliwa.

#33 mama_wa_Buhigwe

Asante bibi. Nimeonja. Nitaongeza ndizi.